Jani Mdomoni

Hapa Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida, jirani akiona ule mstari wa mchaichai nyuma ya jiko langu, na akishajua kwamba kwetu ni Iramba, lazima aniulize kama najua dawa za miti. Nami lazima nimjibu kwamba sijui, yale ni majani ya kutia kwenye chai, basi. Ni uongo. Najua kwa kunusa tu kama kivumbasi kimeanikwa kivulini au juani. Najua jani la mpera la kufunga tumbo ni lile changa linalong'aa, siyo lile pana ambalo kila mtu hulikimbilia. Nilijifunza hayo yote katika mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa shangazi yangu Damari, kijiji cha ndani kidogo ukitokea Misigiri, na mwaka huohuo ndio ulionifanya nisitake kuonekana nayajua. Shangazi alifariki mwezi wa sita uliopita, akiwa mzee wa kuinuliwa na kulazwa. Niliposikia habari hiyo kwenye simu nilikuwa nachambua kunde, na kitu cha kwanza kilichoniingia hakikuwa huzuni. Mungu anisamehe, ilikuwa hofu. Kwenda kumzika shangazi maana yake ni kumwona Sela, na Sela ana haki ya kuambiwa jambo ambalo nimelikalia kwa miaka arobaini na minne.

Nyumba ya shangazi ilikuwa tembe la zamani, paa la udongo limelala bapa, mlango mfupi kiasi kwamba hata mimi na utoto wangu niliinama kuingia. Ukishainama, kabla macho hayajazoea giza, pua ilikuwa imeshakuambia uko kwa nani. Vishada vya majani vilining'inia kwenye boriti kuanzia mlangoni hadi chumba cha ndani tulikolala, na mimi nililala chini ya majani ya mlonge nikaamka na vumbi lake kwenye nywele. Shangazi hakuanika dawa juani hata siku moja. Alisema jua linakula nguvu ya jani na kukuachia makapi. Dawa inataka kivuli na upepo, na upepo Singida haujawahi kuwa haba. Hakujua kusoma, kwa hiyo kila kishada alikifunga kwa uzi wenye mafundo: fundo moja tumbo, mawili kifua, matatu maumivu ya viungo. Nilipofika na elimu yangu ya darasa la sita nikajitolea kumwandikia karatasi za majina, tena kwa mwandiko wa kuunganisha. Akanishukuru, akazipachika zote, kisha akaendelea kupapasa mafundo yake kama kawaida. Zile karatasi ziliishia kuwashia moto na hakuna aliyeziulizia.

Nje, ndani ya ua wa minyaa, alipanda vile visivyoogopa ukame: mwarobaini kwenye kona, mpera, milonge miwili, na shubiri ndani ya vyungu vilivyopasuka, kila chungu na habari yake ya nani alikipasua. Mtoto akiungua na uji kidogo, shubiri. Tumbo la kuendesha, majani machanga ya mpera, na mama anaambiwa asithubutu kumnyima mtoto maji. Kikombe cha kwanza cha dawa alikunywa yeye mwenyewe mbele ya mgonjwa, akakunja uso, akasema ni chungu lakini haijaniua. Kulikuwa pia na mambo asiyoyagusa kabisa. Damu isiyokatika, degedege, mjamzito aliyevimba miguu na kuumwa kichwa, na nyoka. Hayo alisema ni ya Kiomboi, hospitali, na aliyemletea alimfukuza mlangoni bila kumkaribisha hata maji ili asipoteze muda. Waliokuja wakizungukazunguka maneno, wakisema wanaumwa mgongo kumbe wanaumwa pengine, aliwaambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Mimi nilikuwa chumba cha pili, ukuta wa udongo katikati, nikasikia maneno hayo mara nyingi mpaka nikadhani ni sala yake.

Mchaichai, tangawizi na mnanaa havikuweza kuishi uani, vilitaka maji. Kwa hiyo shangazi alikuwa na tuta bondeni karibu na kisima, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu ya mtoto, na kumwagilia na kuchuma huko ilikuwa kazi yangu. Kazi hiyo ilikuwa na mwiko. Tangu unapokata jani la kwanza mpaka unapoweka mzigo juu ya jiwe la mlangoni, husemi, huitiki, hugeuki nyuma. Shangazi alifundishwa na mama yake, na mama yake sijui na nani. Dawa iliyosikiliza porojo za njiani, alisema, inafika nyumbani imechoka. Sasa anayewajua watu wa kwetu ataniuliza: mtoto wa miaka kumi na mitatu apite mbele ya mtu mzima bila shikamoo, na asichapwe? Ndiyo maana kulikuwa na jani. Ukimaliza kuchuma unachukua jani moja la kile ulichochuma, unalibana kati ya midomo, na kila mzee akikuona anajua kwamba si utovu wa adabu, ni dawa. Wengine walikupisha njia. Na salamu haikufa, ilisubiri. Ukishatua mzigo unarudi njia ileile, unakwenda kumwamkia kila uliyempita, mmoja mmoja, kama mtu anayerudisha vyombo alivyoazima.

Niliyempita kila siku alikuwa Mama Sela. Shamba lake la uwele lilishuka mpaka kwenye njia, likaishia kwenye jiwe moja kubwa ambalo watoto walilipanda na kuteleza. Mumewe alikwenda Tabora kutafuta kazi, na kazi ikawa tamu kuliko nyumbani. Alilima peke yake na binti yake Sela, aliyekuwa umri wangu na dawati moja na mimi, na katika tabu yake yote sijapata kumwona mwanamke mwenye kicheko kama kile. Raha yake kubwa ilikuwa kunijaribu. Akiniona napita na jani mdomoni anaegemea jembe na kuanza: "Daktari, leo hakuna salamu? Daktari, mbona umevaa kanga ya shangazi yako, umeolewa lini?" Nami natembea nimekaza shingo kama jogoo aliyenyeshewa. Jioni akija kwa shangazi kupiga soga nilimsikia ukutani akisema huyu mtoto wako nitamchekesha siku moja hilo jani lidondoke, na shangazi akimwambia kwa Kinyiramba aache uchokozi, huku naye akicheka. Nikirudi kumwamkia baada ya kutua mzigo alinipokea kwa marahaba ndefu, akanipa muhogo wa kuchoma au konzi ya karanga. Nilimpenda. Naliandika hili wazi kwa sababu baadaye nilitamani iwe kinyume.

Na kweli siku moja alinichekesha. Alijifunga kitambaa kichwani kama shangazi, akajishika kiuno, akaanza kupapasa mabua ya uwele akiyahesabu mafundo, moja tumbo, mawili kifua, na la tatu hili la mume aliyeko Tabora. Nilicheka mpaka jani likaanguka na mate yakanipalia. Nikaliokota, nikalipangusa, nikalirudisha mdomoni. Lakini shangazi alinitazama mara moja tu pale mlangoni, akajua. Ndani alikuwa amekaa mama mmoja na mtoto mwenye kikohozi, wametoka mbali. Shangazi alichukua mzigo wote akawamwagia mbuzi, akaniambia nirudi bondeni nikachume upya, na yule mama na mtoto wake wakangoja saa nzima kwa ajili ya kicheko changu. Hakunichapa. Afadhali angenichapa, maana yule mama alinitazama kwa macho ya upole na mtoto wake akikohoa, na mimi nikatoka pale nimeapa moyoni kwamba Mama Sela hatanipata tena.

Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya mwezi wa sita, majira ya kuvuna uwele, na kule kwetu mwezi wa sita upepo haukuulizi kama umevaa. Shangazi alikuwa na mafua. Mafua tu, ya kupiga chafya na kuomba kitu cha moto. Nilikwenda bondeni asubuhi, nikakata mchaichai na mnanaa, nikabana jani, nikapanda. Nilipofika usawa wa lile jiwe nilisikia jina langu. Sauti ilitoka ndani ya uwele, na uwele ulikuwa mrefu, sikumwona mtu. Nikaendelea kutembea. Akaita tena. Nilikaza midomo mpaka nikasikia ladha ya jani, na naikumbuka fikra yangu neno kwa neno: leo hunipati. Akaita mara ya tatu, na safari hii sauti ilikuwa kama imekwaruza. Sikugeuka. Nilishika njia yangu nikafika nyumbani nikaweka mzigo juu ya jiwe nikiwa na fahari ambayo sijawahi kuwa nayo kanisani wala shuleni.

Niseme sasa lile ambalo sikulisema. Mama Sela alikuwa akinitania kwa jina la Daktari. Siku zote. Kwenye njia ile, nikiwa na jani mdomoni, hakuwahi kuniita kwa jina jingine. Asubuhi ile hakuita Daktari. Aliita Tabea. Mara zote tatu, Tabea, na masikio yangu yaliisikia tofauti hiyo palepale, siyo baadaye, siyo baada ya kufikiri. Niliisikia nikaipita, kwa sababu mwiko ulikuwa mwepesi kuushika kuliko kugeuka na pengine kuchekwa.

Shangazi alinipa uji. Nilikunywa bakuli la kwanza, akaniongezea la pili, uji wa uwele wenye asali, na nikaunywa taratibu nikipuliza huku naye akipumua mvuke wa mchaichai chini ya kanga. Ulikuwa uji mtamu. Miaka yote hii nimekunywa uji wa uwele labda mara mbili, kwa kukosa namna ya kukataa ugenini. Nilipomaliza nikaosha bakuli, nikatoka kwenda kurudisha salamu zangu. Nilianza na mzee mmoja aliyekuwa akikarabati ua, nikasimama naye kidogo kwa sababu alikuwa na maswali mengi. Kisha nikashuka mpaka kwa Mama Sela.

Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye lile jiwe. Alikuwa amejikokota kutoka katikati ya shamba mpaka njiani. Nyuma yake uwele umelala. Mguu wake ulikuwa umefungwa kanga juu ya kifundo, umekazwa sana. Mimi, mjinga wa Mungu, nikapiga goti nikasema, "Shikamoo." Hata sasa sijui kwa nini. Ni mazoea, mdomo ulitangulia. Na yeye, kope zimemlegea, midomo haimtii, akaitika. "Marahaba." Halafu akasema, kwa shida, neno moja moja, "Nilikuita." Halafu akasema koboko.

Nilikimbia. Watu walikuja haraka, hakuna aliyezembea. Wanaume walimbeba kwenye kitanda cha kamba wakikimbia kwa zamu mpaka barabarani Misigiri, shangazi nyuma yao na mafua yake, akiwapigia kelele wasimpe chochote cha kunywa, wasimchanje, wafike tu. Sela alikuwa huko Misigiri mashineni tangu asubuhi, anasaga. Alitoka nje kuona watu wanakimbilia nini, na alichokiona ni mama yake anapita juu ya mabega ya watu. Alikuwa mweupe kwa unga, nyusi nyeupe, kope nyeupe, na machozi yakachora mistari miwili. Lilipatikana lori la kubeba magunia. Mama Sela hakufika Kiomboi. Wengine walisema hata kama angepata gari saa moja mapema, koboko ni koboko. Wengine walisema saa moja ni nyingi sana. Nimeisikiliza kauli ya kwanza kwa bidii maisha yangu yote na haijawahi kunitosha.

Msibani, mzee mmoja wa ukoo wao aliniita mbele ya watu, kwa upole kabisa. Akaniuliza, mjukuu wangu, wewe ulipita pale asubuhi na dawa, hukusikia kitu chochote? Nilimtazama shangazi. Shangazi alikuwa akitazama mikono yake. Nikasema, "Upepo ulikuwa mkali." Basi. Sikusema sikusikia, nilisema upepo ulikuwa mkali, na ulikuwa mkali kweli, kila mtu pale alikuwa ameshikilia nguo yake. Wote wakaitikia kwa vichwa. Na Sela, aliyekuwa amekaa mkekani kati ya wanawake, akanyoosha mkono akanishika wangu, akaniambia, "Hata mimi mama akiniita kule siku za upepo huwa simsikii." Alinifariji. Mama yake hajazikwa, naye ananifariji mimi. Nikauacha mkono wangu ndani ya mkono wake kwa sababu kuutoa kungeonekana.

Shangazi aliniuliza mara moja tu, siku kadhaa baadaye, tukiwa tunasugua sufuria kwa majivu. Akasema, "Jani lilikuwa mdomoni?" Nikasema lilikuwa. Akaendelea kusugua mahali ambapo palikwisha kung'aa. Nilingoja swali la pili nikiwa na jibu lake kooni, na nadhani angeuliza ningesema yote, ningelia, ningeadhibiwa, na labda leo ningekuwa mtu mwingine. Hakuuliza. Tangu siku hiyo hakunituma tena bondeni. Alikwenda mwenyewe, na mimi nikabaki kupepeta na kupika mlenda. Sela alihamia kwetu. Tulilala kitanda kimoja cha ngozi chini ya vile vishada, na alikuwa na tabia ya kuongea usingizini, nami nikaogopa kulala nisije na mimi nikaongea. Mwezi wa kumi na mbili nikarudishwa kwa wazazi wangu, Singida mjini. Sela alinifungia karanga kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka barabarani, akaniomba niwe naandika barua. Niliandika mbili.

Nilikwenda tena kule mara tatu katika miaka arobaini na minne, kwa harusi moja na vifo viwili, na kila mara nilikuwa na sababu ya kuondoka siku ileile. Kazi niliyoifanya, kama mtu anapenda kucheka, ilikuwa kupokea simu katika ofisi moja pale mjini. Miaka ishirini na minane. Wenzangu walinitania kwamba kwangu simu hailii mara ya pili. Walidhani ni bidii ya kazi, nikapewa hata cheti. Nyumbani watoto wangu walijua kwamba ukiniita nikachelewa kuitika ni kwamba ninaumwa.

Kwa hiyo mwezi wa sita huo nilifika kumzika shangazi nikiwa na umri wa miaka hamsini na saba na magoti mabovu. Kanisa liliimba, mchungaji alisema maneno mazuri, na watu aliowatibu walijaa mpaka nje ya ua. Tembe halipo, kuna nyumba ya bati, lakini minyaa ni ileile na shubiri bado ziko kwenye vyungu vilivyopasuka. Sela ndiye aliyemwuguza miaka yake ya mwisho, ndiye aliyerithi vishada na mafundo. Amenenepa, ana mvi, ana kicheko cha mama yake. Mara ya kwanza kukisikia kutoka jikoni ilinibidi nishike mlango. Asubuhi ya siku ya pili alikwenda bondeni kuchuma mchaichai wa chai ya waombolezaji, na nikiwa nimekaa nje na wazee nikamsikia anarudi kabla sijamwona. Alikuwa akipaza sauti njia nzima. Shikamoo babu! Hamjambo huko? Mama Yusta, umeamkaje? Mkono umejaa majani, naye anasalimia kila kiumbe kama gari la harusi. Wazee walitabasamu kana kwamba ni jambo la kila siku.

Nilimfuata uani alipokuwa anachambua, nikamwuliza, mwiko umekwenda wapi. Akashangaa. Akasema mwiko gani, shangazi mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivi alipoanza kumtuma, muda mfupi baada ya mimi kuondoka: ukiwa na dawa mkononi, ukimwona mtu msalimie, ukiitwa itika, hata kama ni mtoto anakuchezea, tua mzigo uende. Alikuwa mkali juu ya hilo kuliko jambo lolote. Sela aliwahi kumwuliza mbona zamani Tabea alipita kimya, na shangazi akamjibu kwamba zamani alikosea kufundisha, na kosa ni la mwalimu. Sela alinisimulia haya akikata mizizi kwa kisu, bila uzito wowote, kama mtu anayesimulia namna ya kupika. Nikaelewa kwamba shangazi alijua tangu zile sufuria. Alijua, akaubeba mzigo wangu akauweka kichwani kwake, akatembea nao mpaka kaburini, na mimi jana yake nimetoka kumtupia konzi ya udongo nikiwa nawaza nitapata usafiri saa ngapi.

"Sela," nikamwambia, "siku ile nilimsikia."

Hakuuliza siku gani. Kisu kilisimama, kisha kikaendelea, taratibu. Akaniuliza, "Aliita mara ngapi?"

"Tatu."

"Alikuita Daktari?"

"Hapana. Aliita Tabea."

Alimaliza kuchambua fungu lote lile. Nilisimama pale nikasema mengine ambayo hayana haja ya kuandikwa, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba nilidhani ni utani, kwamba nisamehe. Hakuitika hata moja. Alipeleka majani jikoni, akarudi, akachukua kishada kilichokwisha kukauka, akakifunga uzi wenye mafundo matatu, akaniwekea mkononi. Ni ya magoti, akasema, uwe unayachemsha na kukanda, yasiwe ya moto sana. Jana yake alikuwa ameniahidi, na yeye si mtu wa kuacha ahadi. Kisha akasema bodaboda yangu itakuwa imefika kisimani, kwa sababu haiwezi kupanda mpaka huku juu, mawe ni mengi.

Nikaaga wazee, nikashuka kwa njia ileile. Uwele ulikuwa umekomaa, mrefu, na upepo ulikuwa unaulaza na kuuinua. Nilitembea polepole na kishada changu. Nilipofika usawa wa lile jiwe, palepale nilipokuwa siku ile, nikasikia.

"Tabea!"

Nilidhani ni kichwa changu. Miaka mingi kimenifanyia hivyo.

"Tabea!"

Niligeuka, haraka kuliko magoti yangu yanavyoruhusu, nikaitika kwa nguvu zote nilizonazo, "Abee!"

Sela alikuwa ndani ya shamba la mama yake, katikati kabisa, uwele umemfika shingoni. Hakuwa akinikimbilia, wala hakuwa na kitu mkononi nilichosahau. Alikuwa amesimama tu, ananitazama.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la swali aliloliuliza kwa muda mrefu. "Haya," akasema, bila kupaza sauti, na hilo nalo nililisikia. Kisha akageuka akapanda kuelekea nyumbani, akiyasukuma mabua kwa mikono. Nilibaki pale nimeshika kanga yangu isipeperuke. Upepo wa asubuhi ile ulikuwa mkali kuliko wa siku aliyokufa mama yake.